Mzee Kimya na Kifuniko cha Bodi ya Kwanza

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Kimya atavua koti lake la kijivu na kulitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana kwa mara ya mwisho. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitatu akiunganisha kompyuta katika kampuni yetu. Hakuna mwingine hapa aliyefika hata miaka ishirini.

Mgeni akilisikia jina lake hudhani ni mtu asiyesema. Kumbe mzee wetu huanza kuongea anapofungua kufuli asubuhi na hanyamazi mpaka anapolifunga jioni. Huongea na skrubu, huzikaripia nyaya, na feni ikipiga kelele huiuliza kama imekosa usingizi. Jina alilipata kwa sababu ya kidole. Anapotaka kuiweka prosesa mahali pake, huinua kidole kimoja juu, na karakana nzima hunyamaza. Pangaboi, ile feni ya darini, huzimwa, wote husogea nyuma hatua tatu, mtu mwenye kikohozi hutoka nje. Mimi ndiye mtunza stoo, na swichi ya pangaboi iko ubavuni mwa dirisha langu, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita kazi ya kulizima imekuwa yangu. Nimeizoea kiasi kwamba hata nyumbani mtu akiinua kidole, mimi hutazama ukutani.

Kwa wenzetu wa mauzo na wa ofisini ambao hawaingii ndani, prosesa ndiyo kitu kinachofikiri ndani ya kompyuta, nayo hukaa kwenye soketi, katikati ya sahani pana ambayo mafundi huiita bodi mama. Kila kitu kingine hushikana na bodi hiyo. Prosesa ikikaa vibaya hata kwa unene wa unywele, hamna kompyuta, mna sanduku tu.

Alipoajiriwa, karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha lisilofungika. Prosesa za siku zile zilikuwa na pini chini yake, na Mzee Kimya alizinyoosha zilizopinda kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, akiwa ameshatoa kijiti cha ndani. Mteja mmoja alimletea prosesa ndani ya mfuko wa shati, pamoja na funguo za gari. Pini zilikuwa zimelala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mzee aliitazama, akamtazama mteja, akauliza kwa heshima zote, "Bwana mkubwa, na funguo zimepona?" Alikaa nayo siku mbili. Iliwaka.

Yupo pia mwalimu mkuu wa shule moja aliyelalamika kwamba kompyuta yake hujizima kila ifikapo saa tano. Mzee alikwenda mwenyewe, akaikuta imevikwa kitambaa kizito kilichoshonwa vizuri, chenye maua, ili vumbi lisiingie. Akamwambia, "Mama, hata wewe nikikufunika blanketi tangu asubuhi, saa tano utajizima." Mama yule alicheka, na tangu siku hiyo shule yake haijanunua kompyuta kwingine.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, alitusimulia kwamba mzee akibadilisha balbu sebuleni huinua kidole, na wajukuu hukaa kimya wakimtazama kama wako mtihanini. "Balbu!" alisema Shemeji. "Siku moja atatunyamazisha akitia uzi kwenye sindano."

Kitu ambacho wengi hawakijui ni maboksi yake ya vifuniko. Kila bodi mama huja na kifuniko kidogo cha plastiki juu ya soketi, na kifuniko hicho hutolewa pale tu prosesa ikiwa tayari mkononi. Mafundi wengine huvitupa. Yeye huvitunza, kwa sababu msambazaji hapokei bodi yenye hitilafu isiporudi na kifuniko chake. Kwenye kila kimoja huandika tarehe na jina la fundi aliyeunganisha, kwa wino mweusi. Bodi iliyoharibiwa na mtu, jina la mtu huyo huandikwa kwa wino mwekundu. Hakufanya hivyo ili kumwaibisha yeyote. Aliyeandikwa kwa wekundu alikaa naye wiki nzima kwenye meza ya pembeni, akafundishwa upya tangu mwanzo, na hapo ndipo wengi tunaowaita mafundi leo walipoiva.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa kampuni, aliyepeleka kompyuta kwa wateja. Wao wawili walibishana kila siku ya kazi. Mzee alisimama mlangoni akipiga kelele, "Dereva, hayo si mawe!" na mume wangu alijibu akiwa ndani ya gari, "Mzee, mawe yasingekuwa na maneno mengi hivi." Dereva akisharudi, walikunywa chai pamoja juu ya boksi tupu. Mume wangu alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Niliporudi kazini nilimwona Mzee Kimya, wakati wa chai, akiteremsha vikombe viwili kutoka kwenye rafu, akavitazama, akarudisha kimoja. Hakujua kwamba nimeona.

Mwezi wa nne ndipo zilipofika zile ambazo karakana imezipa jina la Wakubwa. Ni jamii mpya ya prosesa na bodi mama za mezani, za daraja la juu kuliko zote tulizowahi kuzishika. Wanazitaka wachoraji wa majengo, watengeneza filamu na wote wenye kazi ambayo kompyuta ya kawaida huifanya mpaka kesho yake. Prosesa moja inajaza kiganja. Bodi yake ina nafasi nane za kumbukumbu, haikubali prosesa yoyote ya zamani, na soketi yake hufungwa kwa skrubu tatu zinazokazwa kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na si vinginevyo. Pini sasa haziko kwenye prosesa. Ziko ndani ya soketi ya bodi, maelfu, nyembamba kuliko kope.

Mzee Kimya alizipenda kabla hazijafika. Kitabu cha maelekezo alikisoma wiki tatu, akinakili michoro kwenye daftari. Katika kikao cha wafanyakazi Mama Mkurugenzi alisema mbele yetu sote, "Mzee Kimya hatumwachii. Atabaki mwaka mmoja zaidi, atufundishie mafundi kazi ya hawa Wakubwa." Mzee alifungua daftari lake la michoro na kuinamia humo. Lakini Shemeji alituambia kwamba jioni ile alifika nyumbani akiimba, na kwamba alikwenda kupima macho apate miwani mpya, kwa ajili ya zile pini. Mwaka mmoja tu. Alikuwa na hamu nao kama mtu anayesubiri kujifungua kwa binti yake.

Wengi wenu mnajua kwamba mwaka huo haukuja, na mnajua sababu iliyotolewa. Bodi ya kwanza kabisa ya Wakubwa iliharibika pini mbele ya wateja, Mzee Kimya akasema mkono wake uliteleza, na wiki iliyofuata ikaamuliwa kwamba mafunzo yatafanywa na fundi kutoka kwa msambazaji. Watu walisikitika, wakasema ni umri. Mimi nimeombwa kuandika wasifu huu wa jarida letu kwa sababu nimekaa naye karibu, na nimeona siwezi kuuandika na kuacha jambo hilo lilivyo. Mkono wake haukuteleza. Bodi ile niliiharibu mimi.

Ilikuwa Jumanne. Mzee hakuwepo, alikwenda kuchukua ile miwani. Nilikuwa naingiza bodi nne kwenye orodha ya stoo, na kwenye bodi ya kwanza sikuiona namba yake. Siku zile macho yangu hayakuwa mazuri, nilikuwa nalia bila kujua kwamba nalia. Nikadhani namba imefichwa chini ya kifuniko, nikakiondoa. Pangaboi lilikuwa linazunguka, maana hakukuwa na mtu wa kuinua kidole. Likapeperusha ncha ya mtandio wangu, ikaangukia ndani ya soketi, ikanasa. Miaka kumi na sita nimemsikia akiwaambia mafundi kwamba kilichonasa hakivutwi, kinanyanyuliwa. Mimi nilivuta. Kisha nikarudisha kifuniko, nikairudisha bodi kwenye boksi lake, nikalipanga juu ya mengine kama vile hakuna kitu.

Kesho yake wachoraji wa majengo walikuja kuona kompyuta yao ikiunganishwa. Mama Mkurugenzi alikuwepo. Mzee Kimya alivaa miwani mpya, akaipangusa, akaivaa tena. Akainua kidole. Nilizima pangaboi. Wote tukarudi nyuma hatua tatu, kwa hiyo hakuna aliyeona alichokiona yeye. Alifungua kifuniko na kuinama kwa muda mrefu sana. Nilimwona akinyanyua kitu kidogo kwa kibano na kukitia kwenye mfuko wa koti. Mimi nilikijua, kilikuwa kipande cha uzi mweusi. Siku zile mimi peke yangu ndiye niliyevaa mtandio mweusi katika jengo hili. Hakunigeukia. Alisema tu, "Samahani Mama. Nimeikosea mimi, mkono umeteleza."

Nilimfuata mchana kwenye meza yake. Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini?" Alikuwa anahesabu pini zilizopinda. Zilikuwa kumi na moja. Akasema, "Wewe umeshapoteza vya kutosha mwaka huu. Niletee ile penseli yangu."

Nilimletea penseli. Nilipaswa kwenda ghorofani kwa Mama Mkurugenzi siku ileile, na sikwenda. Nilijiambia kwamba nitakwenda kesho, nikajiambia tena, mpaka barua ya uamuzi ikatoka. Nimekwenda wiki iliyopita. Mama Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ungeniambia mwezi ule." Mkataba wa fundi wa msambazaji umeshasainiwa na kazi ameshaanza. Ni mtu mzuri na anajua kazi yake, nisimsingizie. Lakini haongei na skrubu, na pangaboi halizimwi tena. Mama ameruhusu maneno haya yachapishwe yalivyo. Mzee Kimya hajui kwamba yamo, na najua atanigombeza.

Kuhusu bodi ile, msambazaji aliikataa. Mzee aliifanyia kazi siku tatu, akanyoosha pini zote kumi na moja moja baada ya nyingine, kwa penseli ileile aliyoitumia kwenye prosesa ya yule mteja wa funguo. Siku ya nne iliwaka. Kati ya nafasi nane za kumbukumbu sita zinafanya kazi, mbili zimekataa kabisa, na haiwezi kuuzwa. Iko stoo kwangu. Ndiyo niliyotumia kuandika ukurasa huu, na haijanisumbua hata mara moja. Kati ya mashine zote alizoziunganisha ndiyo pekee ya Wakubwa, na nasikitika kwamba hakuiunganisha kwa furaha aliyokuwa ameiandaa.

Jumatatu alinipa maboksi ya vifuniko niyatunze. Nilipokuwa nikiyapanga nilikuta kifuniko cha miaka tisa iliyopita chenye jina la mume wangu kwa wino mwekundu. Chini yake mzee aliandika kwa herufi ndogo, "Aliangusha boksi akicheka." Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akicheka hivyo kazini. Boksi la mwisho lilikuwa na kifuniko cha bodi ya Wakubwa, cha kwanza, na jina lililoandikwa kwa wekundu lilikuwa la Mzee Kimya. Ndilo jina lake pekee la wekundu katika miaka thelathini na moja. Nililifuta kwa spiriti na pamba mpaka plastiki ikawa safi. Nikaandika langu. Nikakiweka karibu na cha mume wangu.

Sasa maboksi yote yanasema kweli, Mzee wetu. Ukifungua la mwanzo mpaka la mwisho, hakuna bodi hata moja uliyoiharibu wewe.

Tunakushukuru kwa kila mashine iliyowaka na kila fundi uliyemrudisha kwenye meza ya pembeni bila kumtukana. Tunamshukuru Shemeji kwa kutuazima mume wake miaka yote hii, na tunamwomba avumilie kidole. Macho yako yabaki mazima, miwani ile uitumie kusomea magazeti na kuwatazama wajukuu, na mapumziko yako yawe marefu na ya amani. Ijumaa, ukisimama kutuaga, inua kidole. Nitakuwa dirishani kwangu, karibu na swichi.