Mkasi Mwekundu kwenye Ramani

Fundi saa hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu, lakini msusi aliyekaa kiti cha mbele yake alikuwa na sauti ya kuamsha basi zima.

"Mama, dunia iko kiganjani! Tazama ramani hii. Huu mkasi mwekundu ndio saluni yangu. Aliye karibu anauona, anakuja, anawatangazia rafiki zake kwamba yuko kwangu, nami namwosha nywele bure. Nimejiunga leo asubuhi, na tayari wanakuja!"

Mama mshonaji aliyekaa naye akabetua midomo. "Mwanangu, kizuri chajiuza. Mimi wateja huletwa na gauni lililomkaa mtu vizuri."

"Gauni litaongea na wangapi, mama? Simu inaongea na mtaa mzima!"

Fundi saa, ambaye riziki yake ni kutazama vitu vidogo vinavyosogea, akanyoosha shingo. Basi lilipopita posta, mkasi nao ulipita posta. Lilipokwama kwenye taa, nao ukatulia. Kumbe ulikuwa ukiifuata simu, si saluni! Akataka kusema, ila angejieleza vipi, mtu mzima mwenye masikio kwenye maneno ya wenzake?

"Wamefika!" msusi akashangilia. "Dereva, kanyaga mafuta, wateja wananingoja!"

Basi likasimama. Kituoni walijaa wanawake wenye vitambaa juu ya nywele zilizofumuliwa, macho yakitoka kwenye simu yakienda kwenye basi. Mmoja akagonga dirisha.

"Dada, saluni tunaingilia mlango upi?"