Makofi Yasiyo na Mlio

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, seremala mmoja, suti imembana mabegani, alikuwa akijizoeza kutikisa viganja hewani. Binti yake kiziwi alikuwa anahitimu ushonaji, na shuleni kwao ndivyo wanavyopongezana. "Hayo si makofi, kaka," alisema muuguzi aliyekaa naye. "Makofi ni mlio. Pa, pa, pa!" Seremala akamwonyesha kiganja. "Dada yangu, kofi ni hiki chenyewe. Neno lilianzia hapa, mlio ukaja baadaye." "Nani kakudanganya?" "Mwaka jana, alipopewa zawadi shuleni, nilipiga mpaka mikono ikawaka moto, mwanangu hata hakugeuka. Leo lazima anione." "Basi mpungie, ila usiniambie ni makofi!"

Mimi niliyesoma kwa vipande, mwaka huku, muhula kule, nikakohoa kikohozi cha mtu anayekaribia kuulizwa. Hawakuniuliza.

Basi liliposimama mbele ya shule, binti alikuwa langoni na joho lake. Seremala akainua viganja dirishani akavitikisa. "Anapunga tu huyu," muuguzi alinung'unika, na vyake viko juu vilevile. Nami, niliyejiona mjuzi wa lugha, furaha ikanizidi, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Kila mtu akanigeukia, isipokuwa binti.