Sare Zimebadilika, Kadi Bado

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Afya. Mganga mkuu wetu. Wauguzi na ndugu mliofika:

Sisi washonaji wa karakana ya hospitali hii ya magonjwa ya akili tunakukaribisha. Pazia lililo nyuma yako tumelimaliza asubuhi hii, kwa hiyo tunaomba usiliegemee.

TULIKOTOKA

Karakana yetu ndiyo hushona sare za wagonjwa. Kwa miaka mingi daftari la mapokezi lilikuwa na mafungu matatu tu: mpole, sare ya kijani; mkali, ya kahawia; mtoro, ya njano, ili aonekane kwa mbali. Asiyelala, anayesikia sauti, aliyekata tamaa, wote waliingia humo kwa kadiri walivyowasumbua wauguzi siku ya kwanza. Hatumlaumu mtu. Na sisi tulikata vitambaa bila kuuliza.

MAFANIKIO

Mwaka jana alikuja daktari mpya, akawa anamuuliza kila mmoja: "Unasumbuliwa na nini? Tangu lini? Kinakuzuia kufanya nini?" Ndipo tukaelewa kwamba ugonjwa wa akili ni pale mawazo, hisia au mwenendo unapovurugika hadi kumtesa mtu au kumkwamisha kimaisha, kwamba kila ugonjwa una jina na dalili zake, na kwamba kumlilia marehemu, peke yake, si ugonjwa. Sasa tunashona buluu tupu.

CHANGAMOTO

Kadi za wagonjwa zinazokaa getini hazijabadilika: bado zina mafungu yale matatu. Mwenzetu mmoja aliletwa baada ya kumzika mwanawe. Alimng'ata muuguzi aliyetaka kumvua sweta la mtoto alilojifunga shingoni, akaandikwa mkali. Daktari alimpima, akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akamtibu. Ana miezi saba tangu apone. Dada yake alipokuja kumchukua, bawabu alimwonyesha kadi.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, "mimi nina watoto wadogo nyumbani."

Akaondoka peke yake. Tuliumia sana siku ile, na kazi haikufanyika.

OMBI

Tulikuwa tuombe vyerehani viwili. Vitasubiri. Tunaomba kadi ziandikwe upya, kila mtu kwa ugonjwa wake, na aliyepona aandikwe amepona. Kwa sasa, mwenye kadi ya mkali hatoki wodini bila walinzi wawili.

Mgeni rasmi, mwenzetu huyo ndiye anayekusomea risala hii. Walinzi wawili waliosimama nyuma yake hawakuja kukulinda wewe.

Mungu akufikishe kwako salama, na sisi atufikishe kwetu.

Ni sisi,
Washonaji wa Karakana, Wodi ya Nne.