Jina la Manase Saa Sita

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Giteranyi, mkoani Muyinga. Jina lake Emerensiana. Alifariki wiki iliyopita, amezikwa kwenye mlima aliokuwa analima. Narudia kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Mama Emerensiana wa Giteranyi, yule ambaye wengi walimwita Mama Saa Sita.

Alizaliwa Bugendana, upande wa Gitega. Wazazi wake walikuwa wakulima wa maharage, wakampeleka kwa masista pale Gitega, shule ya kulala. Masista walikuwa wakali, wasikilizaji. Kengele ya saa sita ikilia, kila msichana anasimama pale alipo, jembe mkononi au ufagio mkononi, anasali sala ya Malaika wa Bwana. Na mezani kulikuwa na sharti lingine. Kabla ya kula, unamwombea kwa jina yule aliyekukosea. Ukishindwa kumtaja, unakaa na sahani yako mpaka uweze. Emerensiana mwenyewe alikuwa akicheka akisema, "Mi nilikula maharage ya baridi kushinda wote." Alikuwa mtu wa kinyongo, na hakuficha.

Akaolewa Giteranyi, na bwana Elias. Vita vikaja, wakavuka kwenda Tanzania. Elias akafia kambini. Amani iliporudi, Emerensiana akarudi na binti yake, Vumilia. Wakakuta shamba la Elias la bondeni, lile lenye unyevu hata kiangazi, linalimwa na jirani, mzee Manase. Manase hakuwa mwizi. Alikuta pori, akafyeka, akapanda. Lakini bila bonde lile, mjane na binti yake wangekula nini? Kule juu kulikuwa na mawe.

Kesi ikaenda kwa wabashingantahe, wazee wanaoamua mambo ya watu wa mlima. Watu walikaa kwenye nyasi tangu asubuhi. Mwishowe mzee mmoja akamwuliza, "Mama Vumilia, unakubali Manase abaki na bonde, we uchukue huku juu?" Na hapo hapo kengele ya parokia ikalia. Saa sita.

Emerensiana akainamisha kichwa, akafunga mikono. Mzee akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Kimya. Na mnajua kwetu, ukiulizwa mbele ya wazee ukanyamaza, umekubali. Alipomaliza ishara ya msalaba na kufungua mdomo, wazee walikuwa wamekwisha kusimama, na wakisimama kesi imefungwa. Bonde likawa la Manase.

Vumilia aliniambia, "Nilimkasirikia mama, kwa kweli. Nikamwuliza, mama, sasa tutakula sala? Akanijibu, nenda kateke maji."

Basi Emerensiana akalima mawe yake. Kila siku saa sita anasimama, anageukia bonde, midomo inacheza. Leo hivyo, kesho hivyo. Manase akaanza kuingiwa na hofu. Na wewe msikilizaji ungefanyaje? Mjane uliyemshinda kesi anaitazama mihogo yako na kusema maneno chini chini. Mbuzi wa Manase akafa. Manase akaona sasa imetosha.

Mzee Manase tulimpigia simu. Yeye ni mlokole, mambo ya kengele hayajui. Alituambia hivi: "Mi nilizania iko ananiloga. Nikabeba panga, nikapanda kule juu. Nikamwambia, bon, mama, yale maneno sema kwa sauti, nisikie. Akasema. Mungu, mbariki Manase. Mpe Manase mvua. Watoto ya Manase wakuwe na afya. Na mimi nisaidie, maana leo bado namchukia. Ni vile alisema, mi nikiwa mbele yake na panga. Nikaweka panga chini."

Manase hakusubiri kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwa wazee, akawaambia kesi ile ifunguliwe, kwa sababu mama yule hakukubali, alikuwa anaongea na Mungu wake. Bonde likarudi kwa Emerensiana. Naye akamwachia Manase kipande cha chini, maana na yule ana watoto. Desturi inataka waliopatana wanywe pombe ya ndizi pamoja. Mlokole hagusi pombe, wakanywa juisi ya ndizi, na mlima wote ukawacheka.

Miaka ikapita. Emerensiana hakuacha. Sokoni Muyinga mjini, njiani, shambani, saa sita anasimama na anamtaja Manase, hata baada ya kinyongo kwisha. Vumilia anasema mama yake alizoea tu kumtaja.

Dada Vumilia, ndugu zetu wa Giteranyi na wa Bugendana, poleni sana. Mama yenu tulimpenda. Nanyi wasikilizaji mliosoma kwa masista na kwa mapadri, sare zilishachakaa, sawa. Sala mliiweka wapi? Yule aliyekula shamba lako, leo unaweza kumtaja kabla ya kula?

Kabla ya kukata simu, mzee Manase alisema jambo moja. "Shamba iko, watoto wamekomaa. Lakini saa sita ikifika naangalia kule juu. Sasa nani atanitaja?"

Mzee Manase, kama redio yako iko wazi, sikiliza. Hapa studio tumesimama, na tumekutaja.