Pipa Mbele ya Duka la Mwendwa

Wasikilizaji wapendwa, kama umewahi kununua mboga katika soko la Mitaroini, ule mji mdogo ulio kati ya Ruiru na Thika, basi unaijua filimbi ya Kimeu. Ilianza kulia asubuhi, kabla vibanda vyote havijafunguliwa. Mlio mrefu ulimaanisha lori lirudi nyuma. Milio mifupi ilikuwa ya watu wa bodaboda, watoke kwenye njia ya wapita kwa miguu. Nzilani, mke wa Kimeu, aliisikia huku akipanga sukuma wiki mezani pake. Hakuhitaji kugeuka. Alijua tu: sasa amefika posta, sasa yuko kwa wauza viatu, sasa anapinda kona ya zahanati.

Asubuhi moja mwezi wa Machi, filimbi ilianza mlio mrefu. Haikuumaliza.

Nzilani alisimama na fungu la sukuma mkononi. "Nilidhani ameitoa mdomoni agombeze mtu," alituambia. "Nikangoja amalize kugombeza. Nikangoja sana."

Leo tunamkumbuka Josphat Kimeu. Josphat Kimeu, msimamizi wa barabara na maegesho katika manispaa ya Mitaroini. Mtu wa koti la manjano. Alianguka akiwa kazini, kwenye kona ya zahanati, mbele ya macho ya watu waliomjua kwa jina.

Kazi yake ilikuwa nini hasa? Mitaroini kuna desturi, na huenda hata kwenu ipo. Mwenye duka huweka jiwe barabarani, mbele ya mlango wake, ili gari la mteja wake lipate pa kusimama. Asiyekuwa na jiwe huweka tairi bovu, au kreti ya soda, au kiti kilichovunjika miguu. Barabara ni ya watu wote. Lakini jiwe likishazoeleka hapo, nafasi inakuwa ya mtu. Kimeu aliajiriwa kuyaondoa. Asubuhi aliyaviringisha mpaka mtaroni. Jioni yalikuwa yamerudi. Kesho yake aliinama tena.

Walimtukana. Walimwita kanjo, kama askari wa jiji wanaohangaisha wachuuzi, walimwita adui wa maendeleo. Yeye alicheka. Binti yake, Lynn, anasema baba yake alikuwa akirudi nyumbani, ananyoosha mgongo ukutani na kusema, "Leo nimebeba mlima mzima, na kesho utakuwa umeota tena."

Kimeu alikuja Thika akiwa kijana, akapata kibarua cha kupakia mizigo katika Eneo la Viwanda. Huko ndiko alikomwona Nzilani, aliyekuwa akiishi na kaka yake mkubwa. Kaka huyo anaitwa Mwendwa. Wazazi wao walifariki mapema, na Mwendwa ndiye aliyemlea Nzilani, akamlipia karo, akampikia alipougua. Kimeu alipokuja kuposa, ni Mwendwa aliyeketi kwenye kiti cha baba. Ni Mwendwa aliyepokea mbuzi. Kuanzia siku ile Kimeu hakumwita kwa jina. Alimwita muthoni, mkwe wangu, na akisema hivyo aliinamisha kichwa kidogo.

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, Kimeu akapata kazi ya manispaa. Mwendwa naye akafungua duka la vifaa vya ujenzi Mitaroini, kwenye kona ya barabara ya zahanati. Na Mwendwa hakuweka jiwe. Alichukua pipa la mafuta, akalijaza zege mpaka juu, akalisimamisha barabarani.

Kimeu aliondoa mawe ya kila mtu. Pipa la Mwendwa hakuligusa.

Watu waliona. Ciku, anayeuza viatu mkabala na duka hilo, hakumwacha apumue. "Wee Kimeu! Mawe yangu unayaona, na pipa la muthoni wako linakupita tu? Hayo macho yako ni ya kuchagua ama?"

"Ciku, hilo pipa ni zito. Mgongo wangu ni mmoja."

"Sema muthoni ndiye mzito!"

Soko lote likacheka, na Kimeu akacheka nao. Lakini akifika pale dukani kila asubuhi, alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Muthoni, pipa limeamkaje?"

"Limeamka salama," Mwendwa alijibu. "Liko palepale."

Wakacheka wote wawili. Kila asubuhi hivyo hivyo. Miaka ikapita.

Nyumbani Nzilani hakucheka. "Mwambie aliondoe," alisema. "Ile ni njia ya wagonjwa."

"Nimwambie nini? Yule ndiye aliyenipa mke."

"Basi nitamwambia mimi."

"Utaniaibisha, Nzilani. Atasema nimekutuma." Kisha akasema neno ambalo Nzilani analikumbuka hata sasa: "Mimi humuuliza habari ya pipa kila siku. Muthoni si mjinga. Ipo siku atasikia."

Wasikilizaji wapendwa, mwezi wa Machi Kimeu alishikwa na kifua akaanguka. Zahanati iko kwenye barabara hiyo hiyo ya duka la Mwendwa, ndani zaidi kutoka kona. Ambulensi ilitoka mara moja. Ilifika kwenye duka la Mwendwa ikakwama. Upande mmoja, pipa. Upande wa pili, pikapu ya mteja iliyopakia mabati, na dereva wake hayupo. Alikuwa ameenda kunywa chai.

Opiyo ndiye aliyekuwa akiendesha ambulensi. Alituambia haya kwa sauti ya chini. "Nilikuwa namuona. Namuona kwa kioo, amelala pale, lile koti lake linang'aa. Nikapiga king'ora. King'ora kingefanya nini? Pipa halina masikio."

Watu walijaribu kulisukuma. Ciku alikuwemo, Mwendwa mwenyewe alikuwemo, akisukuma mpaka shati likachanika. Zege halikutikisika. Mwishowe walimbeba Kimeu kwa mkokoteni wa maji, na kwa kuwa hata huo haukupenya kati ya pipa na pikapu, wakampitisha katikati ya vibanda vya soko, karibu na meza ya mkewe. Hivyo ndivyo Nzilani alivyojua. Kimeu alipofikishwa zahanati, walimfunika.

Mazishini, Mwendwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alileta hema, akaleta viti. Alisimama akasema Mungu amempenda Kimeu zaidi. Bwana Kagwe kutoka manispaa akasimama, akasema marehemu alitufungulia barabara. Watu wakapiga makofi. Nzilani alipoinuka kusema, shangazi mmoja akamvuta kitenge. "Kaa chini, mama. Usiharibu mazishi. Yule ni kaka yako." Nzilani akaketi. Hakuna aliyelitaja pipa. Hakuna hata mmoja.

Unataka kujua manispaa ilifanya nini baadaye? Ilituma mafundi wawili na ndoo za rangi. Wakalipaka pipa milia ya njano na nyeusi, ili madereva waone kizuizi vizuri. Kwa usalama wetu. Pipa la Mwendwa sasa lina rangi ya serikali. Na kazi ya Kimeu haijapewa mtu. Mawe yamerudi yote.

Kwa Nzilani na Lynn, kwa ndugu na jamaa wa Josphat Kimeu, pokeeni pole zetu kutoka hapa studioni. Hatuna neno la kujaza nafasi yake. Nawe unayetusikiliza, pengine umeketi dukani kwako, toka mlangoni uangalie. Umeweka nini barabarani? Na nani amekuwa akikupitia kila siku, akicheka nawe, huku kuna jambo anashindwa kukuambia kwa sababu anakuheshimu?

Tunawaachia asubuhi moja ya juma lililopita. Ciku aliiona kutoka kibandani kwake, na Nzilani ameturuhusu tuisimulie.

Nzilani hakufungua meza yake ya mboga. Alitembea mpaka kwenye kona ya zahanati, akasimama pale alipozoea kusimama mumewe. Mwendwa alikuwa akifungua makufuli ya duka.

"Kaka," Nzilani akasema. "Pipa limeamkaje?"

Mdomo wa Mwendwa ulikuwa umezoea. "Limeamka sa..." akaanza. Kufuli likabaki mkononi. Akamtazama dada yake, akalitazama pipa na milia yake mipya. "Nzilani, tuingie ndani tuongee. Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

"Mimi nilimpenda Kimeu. Wewe unajua."

"Najua. Naye alikupenda, ndiyo sababu hakusema." Sauti yake haikupanda. Ciku anasema alilisikia kila neno kutoka ng'ambo ya barabara. "Kila asubuhi alikuwa anakuomba uliondoe, kaka. Kila asubuhi. Na mimi nilikaa kimya nikiogopa kumwaibisha, nikamzika mume wangu. Sasa nakuambia. Pipa lako lilimzuilia njia. Liondoe."