Herufi za Kukariri

KUNEGUNDA: Haloo, kaka? Sema kwa nguvu, humu ndani tumejaa kama kanisani siku ya Pasaka.

LIDWINA: Shikamoo shangazi. Siyo baba, ni mimi Lidwina.

KUNEGUNDA: Marahaba mwanangu. Mbona una simu ya baba yako? Kuna—

LIDWINA: Hakuna msiba. Tuko hospitali, kliniki ya macho. Baba yuko dirishani anafuata kadi yangu. Nina haraka.

KUNEGUNDA: Ngoja. Suzana, maharage hayo bado yana mchanga, usiyatoe kwenye maji! Haya. Tunaandaa kipaimara cha mtoto wake, wanawake kumi na moja, kila mmoja anajua kupika kuliko mwenzake. Sema.

LIDWINA: Toka nje kidogo.

KUNEGUNDA: Nitapita wapi? Mlangoni wamekaa watatu. Sema tu.

LIDWINA: Nikiitwa, nataka nisome ule ubao wa herufi wote. Mpaka mstari wa chini.

KUNEGUNDA: Si ndiyo vizuri?

LIDWINA: Siuoni, shangazi.

[Simu inakwaruza.]

LIDWINA: Naona ile herufi kubwa ya juu tu. Zingine nimekariri. Rafiki yangu Saada alininakilia kwenye daftari alipokuja kupimwa yeye.

KUNEGUNDA: Na miwani yako?

LIDWINA: Hii ya darasa la saba? Mwalimu akiandika naona chaki inatembea, basi. Juzi pale mtaani kwetu Ruhuwiko nimemwamkia kijana wa bodaboda, nikadhani ni babu Rupert.

KUNEGUNDA: [anacheka] Akaitikia?

LIDWINA: Akaitikia. Usicheke. Nilikuwa katikati ya barabara.

KUNEGUNDA: Yesu wangu. Si umwambie daktari ukweli?

LIDWINA: Namba ya miwani ikipanda tena, baba ananitoa shule. Kasema mwenyewe leo asubuhi. Fomu tatu yangu inaishia hapa. Anasema vitabu vinanila macho, nitaishia kama binti wa Bakili.

KUNEGUNDA: Nani kamwambia habari za binti wa Bakili?

LIDWINA: Wewe.

KUNEGUNDA: Mimi?

LIDWINA: Kwenye matanga kule Mshangano. Ulisema binti huyo, Sabra, kasoma mpaka kapofuka, anashikwa mkono kama mtoto. Baba siku ile hakulala.

KUNEGUNDA: Ah, yale maneno ya matanga bwana, watu mmekaa—

LIDWINA: Ulimwona?

KUNEGUNDA: Nilimwona. Kashikwa mkono na mdogo wake.

LIDWINA: Haoni kabisa?

KUNEGUNDA: Huu mtandao... haloo?

LIDWINA: Nakusikia vizuri.

KUNEGUNDA: [kwa sauti ya chini] Miwani ilikuwa imevunjika. Walikuwa wanaipeleka kwa fundi. Nilipomkaribia alinisalimia kwa jina.

LIDWINA: Kumbe.

KUNEGUNDA: Sasa mwanangu, habari ya miwani kuvunjika nani ataisikiliza?

LIDWINA: Daktari alimwambia baba jicho langu linarefuka, namba itapanda mpaka nimalize kukua. Nipimwe kila mwaka, nibadilishiwe miwani, nikae nje mchana, nisiinamie daftari muda mrefu. Baba akaelewa. Halafu ukaja wewe na Sabra wako.

KUNEGUNDA: Nitaongea naye Jumapili, akija kwenye—

LIDWINA: Wamebaki wawili mbele yangu.

KUNEGUNDA: Hivi hivi kwenye simu? Hawa waliokaa hapa ndio niliowasimulia.

LIDWINA: Basi nasoma nilichokariri.

KUNEGUNDA: Lidwina, usiingie.

LIDWINA: Baba anakuja. Nadhani ni baba. Anatembea kama yeye.

KUNEGUNDA: Mpe simu. Hapana, ngoja—

HIRONIMUS: Kune, salio langu mnalimaliza. Kuna nini?

KUNEGUNDA: Shikamoo kaka.

HIRONIMUS: Marahaba. Fanya haraka.

KUNEGUNDA: Yule binti wa Bakili... [Kelele za wanawake zinapungua.] Hajapofuka. Niliongeza.

HIRONIMUS: Uliongeza nini?

KUNEGUNDA: Huko kupofuka. Ana miwani kama wengine, siku ile ilivunjika. Nilitaka watu wanisikilize.

HIRONIMUS: Wiki tatu, Kune. Akirudi shule namnyang'anya vitabu. Analia, nageuka upande wa pili.

KUNEGUNDA: Najua, kaka.

HIRONIMUS: Hujui.

KUNEGUNDA: Na ubao ameukariri. Usimpige. Anaogopa kutolewa shule, haoni kitu.

HIRONIMUS: Ameukariri? [mbali na simu] Lidwina, njoo. Simama hapa. Yule anayeingia getini ni nani?

[Sauti ya binti, haisikiki vizuri.]

KUNEGUNDA: Anasemaje?

HIRONIMUS: Anasema ni mwanamke.

KUNEGUNDA: Ni nani?

HIRONIMUS: Mama yake. Katuletea uji.

[Hatua zinasikika sakafuni.]

KUNEGUNDA: Kaka?

HIRONIMUS: [mbali na simu] Nesi, samahani. Huyu binti ameukariri ubao wenu. Kama mna mwingine, mpimeni kwa huo. Nenda, mwanangu. Usichokiona, sema hukioni.

KUNEGUNDA: Na shule, kaka?

HIRONIMUS: Jumatatu anaenda. Na wewe, Jumapili nikija hapo, mbele ya watu wote—

[Simu inakatika.]

KUNEGUNDA: Haloo? Kaka? ... Salio limemwishia. ... Chambueni maharage jamani. Mnanitazama nini?