Kurasa Tisa za Metrine: Maisha ya Profesa Laban Oduor Amolo

Wazee wetu, akina mama, wakwe zetu, watumishi wa Mungu, walimu na wanafunzi mliotoka mbali, na ninyi majirani mliokesha nasi tangu mwili ulipofika hapa nyumbani, familia ya mzee Amolo inawasalimu na kuwaomba masikio yenu leo Jumamosi, tarehe 21 Februari 1998, maana historia hii ni ndefu kidogo na mwenyewe aliagiza isikatwe. Anayewasomea ni Oketch, mdogo wake wa mwisho.

Profesa Laban Oduor Amolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, hapa hapa karibu na mto Sondu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Amolo, mkulima, na marehemu mama Aoko, aliyeuza vyungu sokoni, na waliomwona akikua wanasema alichelewa kutembea lakini aliwahi sana kuuliza maswali, hata baba yake akawa anamkimbia shambani ili apate kupumzika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1942, akaendelea na masomo ya sekondari kwa wamisheni, akafundisha miaka michache kwa kukosa karo, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa vijana wa kwanza kusomea sheria Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1964, kisha akaenda Uingereza kwa shahada ya pili. Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na Beldina, mwalimu wa shule ya msingi, katika kanisa letu la hapa Sondu, na Mungu akawabariki watoto wanne, ambao ni Ouma, Benta, Aoko na Amolo mdogo, wote wako hapa pamoja na wajukuu saba.

Mwaka 1970 aliajiriwa chuo kikuu kufundisha sheria ya katiba, na hapo ndipo watu walipoanza kumstaajabia, kwa sababu kama vile mzee wa ukoo anavyotaja babu wa babu bila kukosea, yeye alitaja kila badiliko la Katiba ya nchi hii tangu Uhuru, tarehe, kifungu na sababu iliyotolewa Bungeni, akiwa amefumba macho. Nakala yake ya Katiba ilikuwa nene kama mkate, maana kila kifungu kilipobadilishwa alibandika karatasi yenye maneno mapya juu ya yale ya zamani, lakini alipaka gundi ukingoni tu, gundi ya unga wa muhogo aliyopikiwa na mama Beldina, ili anayetaka ainue karatasi na kusoma kilichokuwa chini yake. Aliwaambia wanafunzi kwamba nchi isiyokumbuka ilichokifuta itakifuta tena bila kujua.

Sasa tunafika kwenye sehemu aliyoiandika marehemu mwenyewe, ambayo wazee wengine wa ukoo waliomba tuiruke, wakisema marehemu havuliwi nguo mbele ya watu, na maombi yao tuliyaelewa, lakini mama Beldina alisimama kikaoni Jumatano akasema hivi: "Kama nyinyi mtaona aibu kusoma, nipeni hiyo karatasi, mimi nitasoma." Kwa hiyo tunasoma.

Tarehe 15 Juni 1982, wiki moja tu baada ya Bunge kubadilisha Katiba na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikalia mtihani wa Profesa, ambaye wakati huo alikuwa bado Daktari, na swali la kwanza lilikuwa kama Bunge lina uwezo wa kubadilisha kifungu chochote cha Katiba. Swali hilo alilitunga Aprili, kabla hajajua kitakachotokea, na wanafunzi karibu wote walilijibu kwa tahadhari, kwamba ndiyo, Bunge likipata idadi ya kura inayotakiwa linaweza, wakaweka kalamu chini.

Mmoja hakufanya hivyo. Huyo alikuwa Metrine Nasipwondi, binti wa miaka ishirini na tatu, mtoto wa mzee Wanyonyi, kibarua wa reli aliyetoka Bungoma akapanga chumba kimoja Obunga, mjini Kisumu, na mama Nakhungu, muuza mboga, na msichana huyu aliandika kurasa tisa. Aliandika kwamba Bunge si mwenye nyumba bali ni mpangaji, kwamba mpangaji anaruhusiwa kupaka rangi, kubadilisha mlango na hata kuongeza dirisha, lakini hana ruhusa ya kung'oa msingi, kwa kuwa msingi ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni watu, na siku mpangaji akianza kuchimba msingi hata kura za wapangaji wote hazimpi haki hiyo. Marehemu anasema alipomaliza kuzisoma kurasa hizo alisimama, akazunguka meza, akaketi akazisoma tena, kwa sababu katika miaka kumi na miwili ya kufundisha hakuwa amekutana na wazo kama hilo kutoka kwa mwanafunzi, wala kutoka kwake mwenyewe.

Kisha akampa alama ishirini na nane kwa mia, akaandika chini kwa wino mwekundu, "Hujajibu swali."

Kwa miaka mingi alijiambia kwamba alifuata sheria ilivyo, si inavyopaswa kuwa, lakini katika karatasi aliyotuachia anasema wazi kwamba aliogopa, kwamba karatasi za mtihani zilipitia mikono mingi, na alijua kuwa anayeipa alama nzuri hoja kama ile atahesabiwa kuwa ameiandika yeye. Metrine alipaswa kurudia mtihani Septemba, Agosti vikatokea vita vya kujaribu kupindua serikali, chuo kikafungwa, na kilipofunguliwa mwaka uliofuata jina lake halikuwa kwenye orodha, na mzee Wanyonyi hakujua mlango wa kubisha. Zile kurasa tisa, zilipomrudia mikononi, Profesa hakuzirudisha chuoni wala hakuthubutu kuzichoma, akazileta huku nyumbani na kuzificha katika sanduku la bati la mama yake Aoko, chini ya nguo za kanisani.

Na bado hilo si zito zaidi. Kuanzia mwaka 1984 alianza kufundisha hoja ya mpangaji na mwenye nyumba kana kwamba ni yake, darasa likapiga makofi, mwaka 1985 akaichapisha katika jarida la sheria, ikasifiwa ndani na nje ya nchi, na mwaka 1986 ikampatia uprofesa. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 27 Desemba 1986, ng'ombe wawili walichinjwa katika boma hili hili, kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka, na mzee mmoja akasema ukoo wetu umezaa kichwa, na Profesa aliketi pale kwenye kiti cha mbele akila nyama ambayo, kwa maneno yake, ilichinjiwa mtu mwingine.

Mwaka 1988, wapigakura waliposimamishwa kwenye mlolongo nyuma ya wagombea, na baadaye majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, Profesa alisema darasani kwamba msingi sasa unachimbwa, na baada ya wiki tatu chuo kikamwandikia barua ya mistari miwili ya kumwachisha kazi. Alirudi Kisumu, na jambo la kushangaza ni kwamba watu walimpokea kama shujaa, wakamsimamisha barabarani kumpa mkono, na kila mkono, anasema, ulimwongezea uzito, kwa kuwa ujasiri wote ule aliuazima kwa msichana ambaye yeye mwenyewe alimwangusha.

Desemba 1991, mwezi ule ule redio ilipotangaza kwamba kifungu cha chama kimoja kimefutwa, Profesa alinunua ploti Nyamasaria, nje kidogo ya mji wa Kisumu, na muuzaji akamletea mkataba uliopigwa taipu, kurasa mbili, safi kiasi kwamba yeye aliyezoea kurekebisha kazi za mawakili hakupata pa kugusa, hata nukta. Akauliza nani ameandika, akaambiwa kuna mama mmoja kando ya barabara ya Nairobi, ana kibanda cha mabati na mashine ya taipu, watu wote wa Nyamasaria wanaonunua ploti humwendea yeye. Akageuza ukurasa, akaona chini kabisa, herufi ndogo, M. Nasipwondi.

Alikwenda asubuhi iliyofuata kwa miguu. Alimkuta akiandikia mjane mmoja barua ya kwenda kwa chifu, na hakungoja amalize, akasema mbele ya wateja wote, "Mama, mimi ndiye niliyekuangusha mwaka wa themanini na mbili." Naye bila kuinua macho kwenye mashine akamjibu, "Najua, Prof. Jina yako ilikuwa chini ya hiyo alama. Keti kwa benchi, uko namba saba." Profesa wa sheria ya katiba akaketi kwenye benchi, baada ya muuza omena na kabla ya fundi wa baiskeli, akangoja zamu yake karibu muda wa saa tatu, na anasema hakuwahi kungoja kitu kwa heshima kama ile.

Kuanzia hapo alikuwa na kazi moja, kuirekebisha ile alama. Chuo kilimjibu kwamba kanuni haziruhusu alama kubadilishwa baada ya mwaka mmoja, naye akaandika barua kumi na moja kati ya 1992 na 1996, akisema kanuni hiyo inamlinda mwanafunzi dhidi ya hila, haiwezi kumlinda mtahini aliyefanya hila. Hatimaye tarehe 22 Oktoba 1996 aliitwa mbele ya kamati, wengi wao wakiwa wanafunzi wake wa zamani, akawasomea kurasa tisa zote akiwa amesimama, kisha akasoma makala yake ya mwaka 1985, akaketi. Kamati ilimpa Metrine alama sabini na sita. Jarida la sheria, mwaka uliofuata, lilichapisha tangazo kwamba hoja ile ni ya Metrine Nasipwondi wa Nyamasaria, na Novemba 1997, akiwa na miaka thelathini na minane, Metrine alivaa joho na kupewa shahada yake.

Siku hiyo Profesa alimwuliza kama sasa yameisha. Alimjibu kwa upole, "Bado, Prof. Hao wa kamati ni watu wa vitabu. Ng'ombe walichinjwa kwenu, na watu wenu ndio waliimba. Hao ndio hawajasikia."

Profesa alikubali, akaitisha mkutano wa ukoo na majirani hapa nyumbani tarehe 13 Desemba, akaalika hata kwaya ile ile, lakini Jumapili tarehe 30 Novemba, baada ya ibada, kiharusi kilimpiga, kikamchukua mkono wa kulia na sauti yote. Mtu aliyeishi kwa kusema akabaki na macho tu. Alilazwa Kisumu wiki tano, akarudishwa nyumbani, na hapo akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mama Beldina akiishika karatasi isiteleze, na kurasa nne mlizosikia zilimchukua siku kumi na tisa. Sisi tuliokuwa tukiingia chumbani tulitoka nje kwanza tukalia ndipo tukarudi, si kwa huruma, bali kwa kuona mtu anavyoweza kuwa mkubwa kiasi hicho kitandani. Ukurasa wa mwisho ulimalizika Jumamosi, na Jumatatu tarehe 9 Februari 1998, saa moja asubuhi, akatuacha, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake na wanafunzi wake, majirani wa Sondu na Nyamasaria waliobeba maji, kuni na viti, kanisa na kwaya, na wote waliochanga chochote hata kama majina hayakutajwa.

Shukrani ya mwisho inamwendea mama aliyeketi safu ya pili, kando ya mama Beldina, na kwa niaba ya kaka yetu ambaye kukosa sauti kulimnyima nafasi, ukoo wa Amolo unasema mbele ya watu wetu wote: Metrine Nasipwondi, binti Wanyonyi, uprofesa tuliousherehekea hapa ulijengwa kwa kazi yako, na sifa tulizoimba zilikuwa zako. Kaka yetu aliandika kwamba ukitosheka usimame, na kama bado, ubaki umeketi, na asiwepo wa kukulaumu. Sasa tunakungoja, mama.

Asante, mama. Waweza kuketi.

Laban, ndugu yetu, mama Metrine amesimama. Pumzika kwa amani.